Besi Haisubiri: Nilichojifunza kwa Havanaise ya Saint-Saëns

Mara ya kwanza nilipoipiga Havanaise ya mtunzi Mfaransa Camille Saint-Saëns mbele ya watu, mimi na mpiga piano wangu tulipotezana kabla hata ya kufika nusu. Ilikuwa jioni ya wanafunzi watu wazima katika shule moja ya muziki mjini Brussels, ninakoishi na kufanya kazi ya kuhudumia wazee, na ukumbini hawakuzidi watu arobaini. Sikumbuki kukosea nota. Vidole vilikwenda vilipotakiwa kwenda, upinde haukutetemeka, na sauti ya fidla ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Kilichovunjika ni mwendo. Kila nilipofika mahali penye utamu nilikawia kidogo ili utamu usikike, naye mpiga piano kwa heshima yake akanisubiri, na kwa kuwa alinisubiri nami nikakawia zaidi, mpaka ngoma iliyokuwa chini ya muziki ikazimika na tukabaki na wimbo wa huzuni usio na miguu. Watu walitupigia makofi kwa wema wao. Mwalimu wangu alinishika bega, akaniambia maneno ambayo niliyachukulia vibaya kwa wiki kadhaa: wimbo umeupiga, lakini ngoma hukuipiga.

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu nilijihesabu mtu wa ngoma. Nimezaliwa na kukulia Unguja, na fidla nilifundishwa na baba mdogo katika klabu ya taarabu kabla sijajua kusoma nota hata moja. Huko nilijifunza kuifuata bashraf, muziki wa ala tupu wa kufungulia, kwa masikio, kuingia pale kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inapomaliza, na kunyamaza pale mwimbaji anapovuta pumzi ya kuanza. Miongoni mwa mapigo tuliyoyatumia lilikuwamo moja tuliloliita rumba, nasi hatukuuliza jina hilo limetoka wapi. Mtu wa dumbak, ngoma ndogo ya mkono, alilijua, mtu wa besi alilijua, na sisi wapiga fidla tulikwenda juu yake kama mashua inavyokwenda juu ya maji yaliyojaa. Leo ninaona kwamba upungufu wangu ulianzia pale pale klabuni. Besi ilinibeba kwa miaka mingi, nami sikuwahi kuibeba hata kwa wimbo mmoja.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Havanaise ni neno la Kifaransa lenye maana ya kitu cha Havana, sawa na habanera kwa Kihispania. Saint-Saëns aliitunga mwaka 1887 kwa ajili ya fidla na okestra, ikapewa namba ya opus 83, yaani ya 83 katika orodha ya kazi zake, na sisi tusio na okestra huipiga pamoja na piano. Huchukua kama dakika kumi. Aliitunga kwa ajili ya Rafael Díaz Albertini, mpiga fidla wa Kuba aliyesomea Paris, ambaye mtunzi alifuatana naye katika ziara ya maonyesho. Husimuliwa kwamba wakiwa katika hoteli moja mjini Brest, magharibi kabisa mwa Ufaransa, Saint-Saëns alisikia kuni zikialika ndani ya meko, na mlio ule ukamletea mahadhi aliyoyatumia baadaye katika kazi hii. Mwanzoni nilikipenda sana kisa hicho. Niliishi nacho majira yote ya baridi, nikaitafuta milio ya moto katika kila ukurasa, na nikadhani nikiipata nitakuwa nimeupata ufunguo. Sasa ninakiona ni kisa kinachoishia juu juu. Moto wa Brest huenda ulimpa mtunzi mahadhi, lakini mdundo ulio chini ya mahadhi hayo ulikuwa umetoka mbali, na kuna watu walioulipia.

Kabla sijafika kwa watu hao, naomba niuchambue mdundo wenyewe polepole, kwa kuwa kila nilichojifunza kimo ndani yake. Muziki huu umegawanywa katika vipimo vya mapigo mawili mawili. Ukikigawa kipimo kimoja katika sehemu nane zilizo sawa, besi ya habanera, yaani sauti yake ya chini, hugonga katika sehemu ya kwanza, ya nne, ya tano na ya saba. Mgoto wa kwanza ni mrefu, wa pili ni mfupi mno, kama mtu aliyejikwaa akajishika mara moja, na miwili ya mwisho inalingana. Ukiuondoa ule wa sehemu ya tano, unabaki na migoto mitatu iliyopangwa kwa tatu, tatu na mbili, mpangilio ambao Wakuba huuita tresillo na ambao unasikika katika ngoma nyingi za bara letu. Kwa hiyo ndani ya besi ya habanera mna vitu viwili vilivyoshikana: mwendo wa mapigo mawili ya Ulaya, na ule wa tatu-tatu-mbili uliovushwa bahari.

Juu ya besi hiyo fidla huimba jambo jingine. Katika mahadhi makuu ya Havanaise, pigo la kwanza hujazwa nota tatu zilizo sawa, na pigo la pili hujazwa nota mbili. Anayetaka kulisikia umbo hilo bila ala yoyote na aseme polepole: karibu mama, karibu mama. Silabi tatu za neno la kwanza ziingie katika pigo la kwanza, na silabi mbili za neno la pili ziingie katika pigo la pili. Maneno hayo yalinijia jikoni nikiosha vyombo, na kwa muda mrefu sikumwambia mwalimu, kwa kuwa niliona aibu kuufikia muziki wa watu wakubwa kwa njia ya salamu za mlangoni. Sikuwa na sababu ya kuona aibu. Hakuna hesabu ya metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, iliyowahi kunisaidia kama maneno hayo mawili.

Sasa tuangalie vitu hivyo viwili vinapokutana. Silabi ya kwanza ya karibu inaangukia pamoja na mgoto wa kwanza wa besi, na hapo hakuna tatizo. Silabi ya tatu, yaani bu, huangukia kwenye theluthi mbili za pigo, ilhali mgoto mfupi wa besi huangukia kwenye robo tatu. Kati ya theluthi mbili na robo tatu kuna sehemu moja tu ya kumi na mbili. Pigo likiwa na urefu wa sekunde moja, fidla inaitangulia besi kwa muda usiofika hata sehemu ya kumi ya sekunde. Hakuna anayeketi ukumbini akaupima muda huo, lakini mwili wake unausikia, na kwa maoni yangu uhai wote wa Havanaise umejificha katika upenyo huo. Mpigaji akiichelewesha bu yake hata ikaungana na besi, nota tatu laini hugeuka kuwa mwendo wa gwaride. Akiiharakisha, muziki unakosa pumzi. Na akiikokota besi imsubiri ili yeye apate nafasi ya kupendeza, kama nilivyofanya mimi usiku ule, upenyo wenyewe hutoweka, kwa sababu hakuna tena kitu kilichosimama cha kutanguliwa.

Haya ninayaandika kwa urahisi leo, lakini siku zile sikuyajua. Nilichofanya baada ya jioni ile ni kile ambacho nadhani wengi hukifanya: nilirudi kwenye sehemu ngumu za vidole. Havanaise ina kurasa za kasi, ina mahali ambapo fidla hupigwa nyuzi mbili kwa pamoja, ina mbio zinazopanda mpaka juu kabisa ya shingo ya ala, na mwanafunzi mwenye hofu hukimbilia huko kwa sababu huko kuna kazi inayoonekana. Nilifanya mazoezi hayo kwa mwezi mzima. Nilipolirudia somo mbele ya mwalimu, alinisikiliza mpaka mwisho, akaichukua fidla yangu mikononi mwangu, akaifungia katika kasha lake, kisha akanionyesha kiti cha piano.

Kwa wiki tatu sikuigusa fidla ndani ya chumba kile. Yeye alipiga mahadhi, nami nikapiga besi kwa mkono wa kushoto. Sijui kupiga piano, wala hakuhitaji nijue. Nilihitaji kuvijua vibonye vichache tu vya upande wa chini na kuvirudia bila kukoma. Siku ya kwanza nilimfuata kama kivuli. Alipokawia nilikawia, alipoharakisha niliharakisha, na kila mara alisimama akasema kwa sauti ile ile ya upole kwamba nisimfuate, yeye ndiye atakayenifuata. Siku ya pili nilijitahidi kutomfuata, nikawa mgumu kama mti, na migoto yangu ikatoka yote kwa uzito mmoja. Nilichoshindwa zaidi ni ule mgoto mfupi wa pili. Ulitaka kuja mapema, ili ukae mahali pa bu, kwa sababu sikio langu la fidla lilitaka makubaliano. Ilibidi niuzoeze mwili wangu kukataa makubaliano hayo. Niliupiga mdundo huo kwa vidole juu ya paja nikiwa ndani ya tramu, niliupiga kazini nikisukuma kigari cha chakula kwenye ujia mrefu wa makao ya wazee, na niliulalia usiku.

Mnamo wiki ya tatu lilitokea jambo ambalo bado ninalishangaa. Nilikuwa nimechoka, sikuwa nikimsikiliza tena mwalimu kwa bidii, mkono ulikuwa ukijiendea, na kwa mara ya kwanza nilisikia mahadhi yakielea. Alikuwa akicheza na muda kwa uhuru ambao sikuwahi kuuona kwake: nota moja aliivuta, mbili akazibana, bu ikatangulia, mama akaketi barabara pamoja nami. Nilijua kwamba kama ningemsubiri hata mara moja, uhuru ule ungekatika. Alipomaliza nilimwomba turudie, si kwa ajili ya somo, bali kwa sababu nilitaka kuusikia tena kutoka pale nilipokaa.

Ni siku hiyo hiyo nilipolielewa neno lililonisumbua tangu mwanzo. Mwanzoni mwa kazi Saint-Saëns aliandika maelekezo mawili ya Kiitalia, allegretto lusinghiero. La kwanza linahusu mwendo, nao ni wa wastani wenye uchangamfu. La pili mwalimu alikuwa amenifasiria kwa Kifaransa kwa njia tatu tofauti, nami nilikuwa nimeelewa kwamba ni lazima nipige kwa ulaini, kwa mapenzi, kwa kuomba. Nikaomba, na kwa kuomba nikakawia. Kumbe Kiswahili kilikuwa nalo neno lake kamili: kwa kubembeleza. Na neno letu limebeba bembea ndani yake. Mama anayembembeleza mtoto humtikisa kwa mwendo mmoja usiobadilika, huku sauti yake ikipanda, ikishuka, ikivuta neno hili na kulimeza lile. Mtoto hulazwa na mambo yote mawili pamoja. Mama akisimamisha mikono kila anapofika kwenye neno tamu, mtoto atafumbua macho. Besi ya Havanaise ni ile mikono, na bembea ina muda wake yenyewe: huwezi kuiambia ikae juu kidogo kwa sababu mandhari inapendeza.

Nilipoipenda besi nilitaka kujua kwao ni wapi, na hapo ndipo niliposoma mambo ambayo natamani ningeyasoma kabla ya kuugusa ukurasa wa kwanza. Densi ya habanera ilianza safari yake Uingereza, kama ngoma ya wanakijiji waliojipanga mistari miwili. Wafaransa waliichukua wakaiita contredanse, wakaivusha hadi koloni lao la Saint-Domingue, nayo ikafika Kuba kwa njia zaidi ya moja: kutoka Hispania, na pia pamoja na watu waliokimbilia mashariki mwa Kuba, hasa Santiago, baada ya watumwa wa Saint-Domingue kuanza mapinduzi yao mwaka 1791, mapinduzi yaliyoizaa Haiti. Kule Kuba iliitwa contradanza. Mojawapo ya contradanza za zamani zaidi zilizohifadhiwa, San Pascual Bailón, ilichapishwa mwaka 1803, na tayari ule mgoto wa kujikwaa na kujishika umo ndani yake. Wakuba wenyewe waliendelea kuiita contradanza au danza. Jina la habanera lilishika zaidi nje ya kisiwa, kwa watu waliotaka kusema kwamba kitu hiki kimetoka Havana.

Mdundo huo uliingiaje katika ngoma ya Wazungu? Uliingia kwa mikono ya wapigaji. Katika Havana ya nusu ya kwanza ya karne ya 19, sehemu kubwa ya wanamuziki waliopiga katika kumbi za densi walikuwa Waafrika huru na machotara, kwa kuwa matajiri weupe waliuona muziki kuwa kazi isiyowafaa watoto wao. Nota zilizokuwa mbele yao zilikuwa za Ulaya, na mikono iliyozipiga ilikuwa na kumbukumbu nyingine. Mwaka 1844 utawala wa Kihispania ulidai kuwa umegundua njama ya watumwa na watu weusi huru. Tukio hilo hujulikana kwa jina la La Escalera, yaani ngazi, kwa sababu watuhumiwa walifungwa kwenye ngazi wakachapwa mijeledi. Mshairi Plácido alipigwa risasi mwaka huo mjini Matanzas. Claudio Brindis de Salas, mmoja wa viongozi wa okestra za densi waliojulikana sana Havana, alikamatwa na kufukuzwa nchini. Mwanawe, aliyeitwa kwa jina lilo hilo na kuzaliwa mwaka 1852, alikuja kusomea fidla Paris, akasifiwa katika kumbi za Ulaya, na akafa katika ufukara huko Buenos Aires mwaka 1911.

Niliposoma habari za Brindis de Salas na mwanawe nilikaa kimya kwa muda. Nilikuwa nimejifundisha kuiona Havanaise kama chumba cha hoteli, moto, mvua ya Brest na bwana mmoja mwenye ndevu. Sasa nilihesabu miaka. Utumwa ulikomeshwa rasmi Kuba mwaka 1886. Havanaise imeandikwa mwaka 1887. Besi niliyokuwa nikiikokota ili fidla yangu ipendeze ilikuwa imepita katika mikono ya watu ambao baadhi yao hawakumiliki hata siku zao. Simlaumu Saint-Saëns kwa hilo. Aliusikia uzuri akauandika kwa ustadi mkubwa, na akautunga kwa ajili ya Mkuba. Lakini nilijilaumu mimi, mtu wa Unguja, kisiwa ambacho nacho kinaujua utumwa, kwa kuipokea besi ile kama zulia la kukanyagia.

Mwalimu alipoona hamu yangu alinipa La bella cubana ya José White tuipige pamoja, fidla mbili. White alizaliwa Matanzas mwaka 1836, baba Mfaransa na mama mwenye asili ya Afrika, na mwaka 1856 alishinda zawadi ya kwanza ya fidla katika Conservatoire ya Paris, shule kuu ya muziki. Katikati ya miaka ya 1870 yeye na mpiga piano Ignacio Cervantes, mtunzi wa danza ambazo hadi leo ni hazina ya piano ya Kuba, walilazimishwa kuondoka kisiwani kwa sababu mapato ya maonyesho yao yalikwenda kwa wapigania uhuru. Sitaeleza mengi juu ya kazi hiyo ya White, ila kwamba ilinifundisha kusimama katika sauti ya pili bila kuona nimeshushwa cheo.

Kuna uzi mmoja zaidi ambao siwezi kuuacha, kwa sababu ulinifikisha nyumbani bila mimi kutafuta. Habanera inayojulikana kuliko zote duniani ni ile ya opera Carmen ya Georges Bizet, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Paris tarehe 3 Machi 1875. Bizet aliyachukua mahadhi yake kutoka wimbo El arreglito akidhani ni wimbo wa watu usio na mwenyewe, na alipojua kwamba una mtunzi, Sebastián Iradier, Mhispania wa jimbo la Wabaski aliyefariki mwaka 1865, akauandika ukweli huo katika nota zilizochapishwa. Iradier alikuwa amewahi kufika Kuba. Nilipotazama orodha ya nyimbo zake nililiona jina La Paloma, nikaruka kwenye kiti. La Paloma ndilo jina la bendi aliyoianzisha Salum Abdallah mjini Morogoro mwaka 1948, kabla ya bendi yake kujulikana kote kwa jina la Cuban Marimba. Kwetu, mzee yeyote anayependa muziki wa dansi anaijua Cuban Marimba. Santuri za Kuba zilizouzwa Afrika kuanzia miaka ya 1930 katika mfululizo ulioitwa GV ndizo zilizowafundisha vijana wa Kongo na wa Tanganyika mapigo hayo, na kutoka huko yakaingia katika kila kona, ikiwamo klabu yetu ya taarabu. Rumba ile tuliyoipiga bila kuuliza imetoka wapi ilikuwa ndugu wa besi iliyonishinda Brussels. Si mdundo ule ule mgoto kwa mgoto, lakini ni wa ukoo mmoja, na tatu-tatu-mbili imo humo.

Nilimpigia simu baba mdogo usiku huo. Nilimweleza yote kwa pupa, kuanzia Havana hadi Morogoro, naye akanisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha aliniuliza kama ninakumbuka kwamba nilipokuwa mdogo alitaka nianze na besi, nami nikalia kwa sababu ni kubwa na haiimbi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikumbuka tu fidla, na mikono yake ikinishikisha upinde.

Miezi minane baada ya jioni ile ya kwanza niliomba nafasi ya kuipiga tena. Safari hii nilimwendea mpiga piano mapema, nikamsihi jambo moja: asinisubiri, hata nikipotea. Aliona ni ukatili, nami nikamwambia kwamba kunisubiri ndiko kulikoniangusha. Tulifanya mazoezi mara sita. Katika mara tatu za kwanza nilipotea, na yeye, uso ukiwa umemwiva kwa huruma, akaendelea bila mimi mpaka nilipoweza kudandia tena.

Usiku wa onyesho lenyewe piano ilianza, mgoto mrefu, mfupi, miwili sawa, na badala ya kuhesabu vipimo nikingojea zamu yangu, niliisikiliza kama ningesikiliza mtu wa besi klabuni. Nikaingia. Sitasema nilipiga bila kosa. Katika sehemu ya kasi vidole vilinitoroka na niliacha nusu kipimo kipite hewani. Mpiga piano hakugeuka wala hakupunguza mwendo. Nilimwona kwa pembe ya jicho ameukaza mdomo, mkono wa kushoto ukienda. Nikadandia. Mahadhi makuu yaliporejea, nilijaribu kufanya nilichomsikia mwalimu akifanya siku ile: nikaivuta ka, nikazibana ri na bu, nikaketi kwenye mama. Besi ilikuwapo pale pale ilipotakiwa kuwapo. Sikuwa nimewahi kuwa huru kiasi kile nikiwa na fidla begani, na uhuru huo ulitoka kwa mtu aliyekataa kunihurumia.

Havanaise haimalizwi kwa kishindo. Sauti hupungua, mwendo hulegea, fidla hupanda juu na kufifia, na mpigaji mwenye papara huiharibu hapo mwishoni kwa kutaka makofi. Mimi nilibaki na upinde hewani nikiisikiliza piano ikiisha.

Tangu mwezi uliopita mwalimu amenipa kazi nyingine. Ana mwanafunzi wa miaka kumi na minne, binti mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu, aliyeanza kujifunza Havanaise, na ameniomba nimpigie mkono wa kushoto wa piano katika masomo yake ya Alhamisi. Nimemfundisha kusema karibu mama, naye hulitamka kwa lafudhi yake ya Brussels huku akitikisa kichwa. Anafika kwenye nota tamu, anakawia, ananitazama. Mimi naendelea. Wiki iliyopita alikasirika akaishusha fidla, akasema siwezi kumsikia anachotaka kufanya. Nilimwambia ninamsikia vizuri, nikaanza tena besi kutoka mwanzo, na baada ya vipimo vinne akaipandisha fidla begani.